Sakafu ya Nyumba ya Leicester



Ndugu wasomaji, mwezi wa Januari uliopita, wakati kaskazi ilipokuwa imeshika huku kwetu na watu wa Mombasa wakitoa mikeka kwenda kulala vibarazani, sisi tulikuwa Leicester, mji ulio katikati ya Uingereza, tumevaa sweta mbili chini ya kanzu na koti la kuazima juu yake. Hatukwenda kutembea. Tulitumwa na jamaa, na ujumbe wenyewe ulikuwa mzito: kumtazama dada yetu mkubwa na, ikibidi, kurudi naye.

Dada yetu huyu umri wake umepita miaka sabini. Alipofiwa na mumewe, mwanawe wa pekee alimchukua akakae naye Leicester, pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Miaka mitatu ya mwanzo hatukusikia kwake ila shukrani. Kisha, tangu mwezi wa Novemba, simu zake zilibadilika. Alisema miguu inamfa ganzi. Alisema magoti hayakunjiki. Siku moja alituambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayechelea kusikiwa na wenye nyumba, "Ndugu yangu, mwanangu ameng'oa mashine ya moto iliyokuwamo ndani, ameweka sanduku la upepo uani. Nyumba imekuwa kaburi. Njooni mnichukue, nisije nikafia kwenye barafu."

Mpwa wetu naye, tulipompigia, alikuwa na yake. "Mjomba, akiba yangu yote nimeitia katika joto la mama. Sakafu nzima ya chini nimeichimba kwa ajili yake. Na yeye ndiye anayeizima mashine kila usiku." Basi tukawa na mama anayelia baridi na mtoto anayelia deni, na kila mmoja anaona kuwa mwenziwe hamjali. Jamaa walikaa kitako, wakachanga nauli, nasi tukafunga safari.

Kutoka uwanja wa ndege wa London hadi Leicester ni mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari. Tulifika alasiri, na kabla hatujamaliza kuulizana hali kiza kilikuwa kimeingia. Mwanzoni mwa Januari jua la huko huchwa dakika chache baada ya saa kumi jioni, wala halichomozi tena mpaka saa mbili na robo asubuhi. Mji wenyewe si mgeni kwa watu wa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, baraza la mji wa Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Kampala likiwaomba wasije, kwa kuwa mji umejaa. Maelfu walikuja vivyo hivyo, wakafungua maduka na viwanda, na hadi leo katika Belgrave Road waweza kusalimiwa kwa Kiswahili na bibi mwenye sari anayepima dengu. Twalitaja jambo hili kwa sababu litatufaa mbele.

Nyumba ya mpwa wetu ni ya matofali mekundu, imeungana na ya jirani kwa ukuta mmoja, ina vyumba vya chini na ghorofa moja. Uani tuliliona hilo sanduku lililolaaniwa kwenye simu: jeupe, urefu wake hadi kifuani, lenye feni kubwa mbele, halina tofauti na sanduku la nje la eesi za huku kwetu ila kwa ukubwa. Ndani tulimkuta dada yetu kwenye kiti, shali kichwani, buibui juu ya sweta, mikono ameikumbatia chupa ya maji ya moto. Chini ya miguu yake palikuwa na mazulia mawili mazito, moja juu ya jingine, na blanketi lililokunjwa juu yake. Ukutani palikuwa na kidude cha kupimia na kupangia joto, ambacho mafundi hukiita thamostati, na chini ya kidude hicho karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza kwa herufi kubwa: mtu asikiguse. Dada yetu husoma Kiswahili na Kiarabu. Kiingereza hakijui. Lakini karemeo halihitaji mkalimani, na alikuwa amelielewa vyema.

Tulivua soksi, tukaigusa sakafu pembeni mwa zulia. Ilikuwa baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri ya kusi.

Hatukutaka kuhukumu siku ya kwanza. Tulikaa siku mbili tukitazama tu, na mambo yalijidhihirisha yenyewe. Saa nne usiku, kabla ya kulala, dada yetu alikwenda ukutani akateremsha joto mpaka mwisho. "Watu wamelala," alituambia, "umeme unaliwa na nani?" Alipoamka kwa sala ya alfajiri alikuta nyumba imepoa, akapandisha hadi nyuzi 26. Asubuhi yote sakafu ikawa baridi. Ilipofika alasiri ndipo joto likaanza kuja, na jioni likazidi. Mpwa wetu aliporudi kazini alikuta nyumba kama tanuri na dirisha limefunguliwa, akateremsha hadi 18 huku akinong'ona peke yake. Usiku dada yetu akazima tena. Na kwa kuwa mama alikuwa akilalamika kila asubuhi, mpwa wetu alikuwa ameiamuru mashine ichemshe maji ya sakafu hadi nyuzi 55, akidhani kuwa moto mkali ndio dawa.

Tafadhali msomaji usimcheke dada yetu. Mwanamke aliyelea watoto Mombasa kwa umeme wa tokeni, akizitazama uniti zikipungua kwenye mita kama mchele katika debe, hujifunza jambo moja: usichokitumia kizime. Taa, feni, pasi, vyote huzimwa. Kuacha kitu kikiwaka usiku kucha watu wamelala ni israfu, na israfu yeye ameikataza nyumbani mwake maisha yake yote. Alikuwa akimwokolea mwanawe fedha. Na mwanawe, kwa kupandisha moto, alikuwa akimtafutia mamake joto. Kila mmoja alikuwa akimtendea mwenziwe wema, na wema wote wawili ukaungana ukawa hasara.

Siku ya tatu mpwa wetu alimwita fundi. Hakuwa miongoni mwa walioiweka mashine. Hao walimweleza mpwa wetu kwa nusu saa, wakamwachia kitabu kinene na programu ya simu, wakaenda zao. Huyu alikuwa mtu wa makamo, na wazazi wake walikuwa miongoni mwa waliotoka Kampala mwaka ule wa 1972. Aliposikia tunatoka Mombasa alitupa Kiswahili chote alichorithi kwa mamake: karibu, chakula tayari, pole pole. Kisha akaketi chini sakafuni na kutufafanulia. Yeye alisema kwa Kiingereza, mpwa wetu akatufasiria, nasi tukamweleza dada yetu kwa lugha na mifano anayoijua. Katika miezi yote ile, hakuna aliyewahi kufanya hivyo.

Na haya ndiyo tuliyoyafahamu.

Mashine ile huitwa pampu ya joto. Haiunguzi kitu. Ile ya zamani iliyong'olewa, boila ya gesi, ilikuwa na moto ndani yake. Hii hulichukua joto lililoko nje na kulihamishia ndani, kama mtu anavyoteka maji kisimani. Dada yetu aliuliza swali ambalo kila mtu mwenye akili angeliuliza: nje kuna barafu, hilo joto latoka wapi?

Jibu ni kwamba baridi tuionayo sisi si ukomo wa baridi. Ukomo wenyewe ni nyuzi 273 chini ya sifuri. Kwa hivyo hewa inayogandisha maji bado ina joto jingi ndani yake, ila ni joto ambalo mwili wetu hauwezi kulitumia. Mashine hutumia gesi maalumu inayozungushwa ndani ya mabomba. Mojawapo ya gesi hizo ni propani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa gesi kama hiyo, hewa ya Leicester yenye nyuzi sifuri ni kama jiko chini ya sufuria: huichemsha, ikawa mvuke, na katika kuchemka huko hunyonya joto la hewa. Kisha kompresa huuminya mvuke huo. Kila aliyejaza upepo tairi ya baiskeli anajua kuwa bomba la kujazia hupata moto mkononi. Hewa ikiminywa hupanda joto. Mvuke ulioshindiliwa hupata moto, hupitishwa kando ya maji ya nyumba, huyaachia joto lake, hurudi kuwa maji, hulegezwa, hupoa, na hurudi nje kuteka tena.

Tukamwambia dada yetu: "Unaikumbuka eesi ya duka la dawa kule kwetu, ambayo sanduku lake la nje hutupulizia hari uchochoroni? Ndani hupoza, nje huunguza. Hii ni hiyo hiyo iliyogeuzwa mgongo. Ndani huleta joto, nje hupuliza baridi." Akaondoka kwenda uani, akaweka kiganja mbele ya feni, akarudi akasema, "Kweli. Inatema baridi."

Wazo hili si la jana. William Thomson, mwanachuoni wa Glasgow aliyekuja kujulikana kwa jina la Lord Kelvin, alieleza mwaka wa 1852 kuwa mashine ya namna hii yaweza kutia joto majengo. Na katika mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza, mhandisi John Sumner alitengeneza moja mwaka wa 1945 iliyopasha joto jengo la idara ya umeme ya mji kwa kuteka joto la maji ya mto. Kilichochelewa ni bei na desturi za watu.

Faida yake iko hapa. Umeme hautumiki kuzalisha joto bali kulihamisha, na kuhamisha ni kazi nyepesi. Mashine iliyowekwa vizuri, kwa uniti 1 ya umeme, huingiza nyumbani uniti 3 au 4 za joto. Lakini kuna sharti, na sharti hilo ndilo lililoivunja nyumba ya mpwa wetu. Kadiri unavyoitaka mashine iyapashe maji hadi joto la juu, ndivyo inavyotaabika, na uniti zile 3 au 4 hupungua. Maji ya nyuzi 35 huyapasha kwa wepesi. Maji ya nyuzi 55 huyapasha kwa jasho.

Ndiyo maana mashine hii hupendwa pamoja na sakafu ya mabomba. Chini ya vigae vya nyumba ile kuna tabaka la povu gumu la kuzuia joto lisizame ardhini, na juu ya povu mabomba ya plastiki yamelazwa yakizunguka kama jamvi linalosukwa, umbali wa shibiri moja au pungufu baina ya bomba na bomba, kisha yamefunikwa kwa saruji. Kwa kuwa sakafu yote imekuwa jiko, jiko lenyewe halihitaji kuwa kali. Uso wa sakafu hautakiwi kupita nyuzi 29 mahali watu wanapokaa, pungufu ya joto la mwili. Rediata, yaani yale mabamba ya chuma ya ukutani, huwa madogo, kwa hivyo huhitaji maji ya moto sana. Sakafu ni pana, kwa hivyo hutosheka na maji ya uvuguvugu.

Lakini saruji ni nzito, na kizito hakiamki upesi. Nyumba zetu za Mombasa zenye dari ya zege zinatufundisha hilo: jua hulichoma zege mchana kutwa, na usiku saa tano bado latema joto mpaka watu wakakimbilia nje. Sakafu ile ni hivyo hivyo. Huchukua saa nyingi kupata joto na saa nyingi kulipoteza. Dada yetu alipokuwa akiizima usiku na kuiwasha alfajiri, alikuwa akiliwasha jiko ambalo chakula chake huiva jioni.

Fundi kisha akayanyoshea kidole mazulia. Akasema, kwa Kiswahili chake, "Mama, hii hapana." Mazulia mawili mazito na blanketi vilikuwa vimewekwa kuzuia baridi ya sakafu isipande, na vilikuwa vikizuia joto la sakafu lisipande. Tukayakunja. Badala yake tukatandika mkeka wa ukindu ambao dada yetu mwenyewe aliuchukua kutoka kwao Mombasa na kuuweka juu ya kabati, kwa kuwa aliambiwa kuwa mkeka ni kitu cha nchi za joto.

Fundi akateremsha joto la maji kutoka 55 hadi 38, akaweka vyumba nyuzi 21 mchana na usiku, akatuomba jambo moja tu: mtu asiguse kwa siku tatu. Neno lilikuwa lile lile la karatasi ya ukutani, lakini sasa lilikuja na sababu yake.

Dada yetu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe ni wali wa kupalia." Tukamtazama. "Wali ukishakauka maji," akasema, "huuongezi moto. Wautoa moto chini, wabakisha makaa machache, na machache wayaweka juu ya kifuniko. Kisha wauacha. Ukifunua kila mara kutazama, hauivi. Mimi nimekuwa nikifunua."

Hatukuwa na la kuongeza. Fundi alipofasiriwa maneno hayo aliyaandika katika daftari lake.

Siku ya kwanza ilikuwa ngumu. Mazulia yameondoka, sakafu bado baridi, na dada yetu alikaa amekunja uso. Usiku wa manane tulisikia nyayo, tukatoka, tukamkuta amesimama kizani mbele ya kile kidude. "Nimekuja kukitazama tu," akasema. Tukakitazama pamoja, tukarudi kulala. Siku ya pili kulikuwa na ukungu wa barafu, na asubuhi jirani alitugongea mlango kutwambia kuwa mashine yetu yatoa moshi. Mpwa wetu akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. Haukuwa moshi. Hewa yenye unyevu inapokaribia sifuri, barafu hushika kwenye mapezi ya mashine na kuizuia kupumua. Basi mashine hujigeuza kwa dakika chache, hurudisha joto kidogo nje kuyeyusha barafu ile, na mvuke hupanda. Kisha hurudi kazini.

Siku ya tatu, alfajiri, tulishuka ngazi tukiwa na udhu, miguu bado ina maji. Tulipokanyaga sakafu ya chini tulisimama. Haikuwa moto. Ilikuwa vile unavyokuwa ukuta uliopigwa na jua la asubuhi, joto ambalo hulitambui mpaka uondoke penye baridi. Dada yetu alikuwa ametangulia. Tangu Novemba alikuwa akisali juu ya kiti kwa sababu ya magoti na ganzi. Siku ile kiti kilikuwa kimesukumwa pembeni, na yeye yuko chini juu ya mkeka wake, amesujudu, na sijida ile ilikuwa ndefu. Hatukusema neno. Mpwa wetu aliposhuka akamwona, aligeuka akaenda jikoni, akafungua bomba la maji bila ya kuosha chochote.

Jumamosi iliyofuata walitutembeza mjini. Dada yetu alikuwa amesema kuwa sakafu ya moto ni mambo ya kisasa, na mpwa wetu akataka kumwonyesha kuwa sivyo. Karibu na kanisa la Mtakatifu Nicholas pamesimama ukuta wa kale wa mawe na matofali uitwao Jewry Wall, urefu wake mita 23, kwenda juu kama mita 8. Ni mabaki ya hamamu ya Warumi waliotawala nchi ile, iliyojengwa katika karne ya 2, na ilichimbuliwa na Kathleen Kenyon katika miaka ya 1930. Warumi hawa waliinua sakafu za vyumba vya joto juu ya viguzo vifupi vya matofali, wakakoka moto kando, na hewa ya moto ikapita chini ya miguu ya waogaji. Dada yetu aliutazama ukuta ule kwa muda, pua imekuwa nyekundu kwa upepo. "Na nani alikuwa akikesha kuutia kuni huo moto?" akauliza. Ni swali jema. Watumwa ndio waliokesha. Siku zetu hukesha kompresa.

Haitakuwa haki tukisifu tu. Mpwa wetu alipata ruzuku ya serikali ya pauni 7,500, ambayo hutolewa Uingereza na Wales kwa wanaobadilisha boila kuweka pampu, na bado kuchimba sakafu na kulaza mabomba kulimaliza akiba yake. Uniti ya umeme huko bei yake ni kama mara 4 ya uniti ya gesi, kwa hivyo mashine inayoleta uniti 3 kwa 1 haishindi boila kwa bei. Inabidi ifike karibu na 4 ndipo mwenye nyumba apumue. Kabla ya fundi kuja, mita ilionyesha kuwa mashine ilikuwa ikila uniti 37 kwa siku. Wiki moja baadaye, katika siku zenye baridi ile ile, ilikuwa 25. Ghorofani hakuna mabomba ya sakafu, zipo rediata tu, na chumba cha watoto bado kina ubaridi, maana rediata yake ni ndogo mno kwa maji ya uvuguvugu. Itabidi iwekwe kubwa. Na nyumba yenye nyufa za madirisha na dari isiyozibwa, mashine hii haiifai kitu. Ni kuteka maji kwa pakacha.

Wala joto halikumaliza kila kitu. Siku moja kabla ya kuondoka tulimuuliza dada yetu lile tuliloendea: warudi nasi au wabaki? Alikuwa ameketi mkekani amenyoosha miguu, mjukuu wake wa kike amelala kifudifudi kando yake akifanya kazi ya shule. Akasema, "Ndugu yangu, joto la miguu nimelipata. Jua sijalipata, wala azana ya mtaani kwetu, wala mtu wa kupiga hodi bila ya kupiga simu kwanza. Hivyo hakuna fundi awezaye kuvileta." Akapapasa sakafu. "Lakini nilitaka kurudi kwa kukimbia, na mtu anayekimbia huacha ubaya nyuma yake. Sasa sikimbii. Nitakuja Disemba kuwazuru, kisha tutaona." Jioni ile mpwa wetu alimbusu mamake mkono, akasema, "Mama, nisamehe. Nilikueleza kwa karatasi." Akajibu, "Nami nilikuzimia kwa kukuonea huruma."

Tumerudi peke yetu, na jamaa wametuuliza tumeleta nini. Tumeleta mambo mawili.

La kwanza ni kwa wenye watoto ng'ambo, nao ni wengi katika jamii yetu. Mzazi akihamishwa kwenda nchi ya baridi, asipewe chumba na nguo tu. Aelezwe nyumba. Aelezwe kwa lugha yake, kwa mifano ya jiko lake, na aachwe aulize mpaka atosheke. Mtu mzima asiyeelezwa hujiona mzigo, na ajionaye mzigo huanza kuzima taa za watu.

La pili ni letu tuliobaki. Eesi zetu ni ndugu wa mashine ile, na kosa letu ni lile lile limegeuzwa. Tunaingia chumbani tumechoka na hari, tunaiweka nyuzi 16, tunaganda, tunazima, tunapata hari, tunawasha. Nyuzi 16 hazipozi chumba kwa haraka kuliko 25. Huifanya mashine itaabike kwa muda mrefu tu. Funga mlango, ziba nyufa, iweke kwenye 25, kisha iache.

Na ile karatasi ya ukutani haipo tena. Asubuhi ya safari yetu tulikuta nyingine mahali pake, imeandikwa na yule mjukuu kwa Kiswahili kilichojaa makosa ya herufi ambayo hatukuyasahihisha. Bibi yake ndiye aliyemwambia la kuandika: "Ishirini na moja. Usifunue."

Wabillahi tawfiq.